Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu wa Anatomia, Moshi

Ndugu wanachama,

Nianze na lililotutoa machozi. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ilikuwa kali muhula wa kwanza, na feni mbili za chumba cha kupasulia zilikuwa zimekufa. Kila robo saa wanafunzi walitoka nje wakifuta macho kama wafiwa. Tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye formalini, kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo tusiambiane tuvumilie. Feni zilitengenezwa baada ya barua nne.

Mwaka huu tuliwataka wanafunzi waandike daftarini kila walichokikuta tofauti na kitabu. Maiti ya meza ya tatu, msuli mwembamba wa kigasha uitwao palmarisi longasi ulikuwepo mkono wa kulia, wa kushoto haupo. Binti mmoja alidhani ameukata yeye, akanyamaza hadi kipindi kikaisha. Masikini, hakuwa na kosa. Wako wanaozaliwa bila msuli huo wala wasijue, na ndiyo maana wapasuaji huchukua kano yake kurekebishia vidole. Jipime hapo ulipo: gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja kidogo, utafute kano katikati ya kifundo cha mkono. Vitabu vyetu vingi viliandikwa kutokana na miili ya mbali. Hilo daftari lisife.

Kamati ya istilahi ilikutana mara mbili ikakwama kwenye neno moja. Kamusi inasema kiwiko ni kifundo cha mkono, lakini mgonjwa wa kata ya Pasua hapa Moshi akikwambia kiwiko kinamuuma, anashika kisukusuku, pale mkono unapokunjika katikati. Mimi niko na mgonjwa.

Hesabu atasoma mhazini. Fedha hazijapotea, ni chache tu.

La mwisho ni miili. Kama vyuo vingi vya Afrika, tunasomea zaidi maiti zisizodaiwa na ndugu. Kumwomba Mchagga autoe mwili wake ni mtihani. Yeye anategemea kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, migombani, walipo baba zake. Hata hivyo mzee mmoja mstaafu alinifuata akauliza, "Mkishamaliza, mtanirudisha nyumbani?" Nikajibu haraka kwamba tutamrudisha. Alipoondoka nikafungua kabati: hatuna hata karatasi moja inayoeleza nani atamrudisha, lini, na kwa gharama ya nani. Rasimu nimeiandika, kurasa mbili. Naomba muisome kabla ya mkutano, maana mzee ameahidi kupita tena.