Sinki la Zahanati Lipangwe Kabla ya Lipu

Tuliitwa kwenye zahanati mpya iliyojengwa mlimani hapa Mwanza. Sinki lilikuwepo, jeupe, zuri, lakini nyuma ya mlango. Nesi akatuambia, "Fundi, mpaka nifunge mlango ndipo ninawe, na huku mgonjwa mwingine anataka kuingia." Kipande cha sabuni kilikuwa kimekauka mpaka kimepasuka.

Kulihamisha haikuwa kazi ndogo. Sakafu imekaa juu ya jiwe, na bomba la maji machafu halikubali bila mteremko. Tukang'oa vigae, tukatindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Iliniuma kuona hela ya sinki la pili inaishia kwenye kubomoa.

Kwa hiyo tuiteni kabla ya lipu. Tunachora kwa chaki kitanda, meza na mlango, kisha tunamwomba nesi apite humo kama yuko kazini: anampima mgonjwa, anachoma sindano, anavua glavu. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati 5 za kusafisha mikono, na zote humzunguka mgonjwa: kabla ya kumgusa, kabla ya kazi kama kuhudumia kidonda, baada ya kukaribia damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vyake. Kitakasa mikono chenye spiriti basi kikae pale pale kitandani. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, ni maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60.

Koki iwe ya kufunga kwa kiwiko. Maji yasidondokee moja kwa moja kwenye tundu la sinki, maana yanarusha juu uchafu wa humo. Meza ya kuandalia dawa nayo ikae mbali. Taulo ziwe za karatasi. Kile kitambaa kimoja cha watu wote, tafadhali, kiondoeni leo.

Ziwa tunaliona dirishani, ila maji ya bomba yakikatika, ziwa halinawishi mtu. Kabla ya kununua tanki, kinga ndoo ya lita 10 chini ya koki. Ikijaa kwa dakika moja, anayenawa bila kufunga koki anamaliza karibu ndoo nzima. Zidisha kwa mara mnazonawa kutwa, kisha kwa siku za mgao.

Daktari, ukija ofisini na ramani ya jengo, njoo na nesi wako.