Shukrani kwa mama wa kitanda cha jirani

Kaka yangu ameniruhusu niandike haya. Aliacha ARV, dawa zake za VVU, kimyakimya, kisha kichwa kikamuuma wiki mbili. Tukahangaika na panadoli na dawa za malaria hadi akaanza kuona vitu viwiliviwili. Hospitalini CD4, zile chembe za kinga ya mwili, ilikuwa chini ya 100, na kipimo cha damu kikaonyesha fangasi wa kriptokoka, wale wanaoshambulia utando wa ubongo.

Daktari akataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Nikakataa. Mtaani kwetu tunaambiwa sindano ile inapoozesha.

Wewe ulikuwa unamuuguza mumeo kitanda cha pili. Hukunihubiria. Ulinivuta pembeni, ukapandisha blauzi, ukanionyesha mgongo wako: "Mimi wamenichoma mara tatu, shoga. Tafuta kovu." Sikuliona. Ukanieleza kwamba yale maji yakipungua, presha ya kichwani inashuka. Nikarudi kwa daktari. Jioni ile kaka aliomba uji, mara ya kwanza baada ya siku nne.

Vidonge vyake vingine vilikuwa vya kila baada ya saa sita. Usiku wa pili nililala kama gogo. Ukaniamsha saa sita kamili, kikombe cha maji mkononi. Kesho yake ukanitegea kengele ya simu, ukaipa jina "AMKA WEWE".

Mliruhusiwa nikiwa nimeenda kufua. Namba yako sikuchukua. Kaka amesharudi kwenye ARV, na kengele yako bado inalia.