Barua kwa Baba kuhusu treni zinazoinama kwenye kona

Nagoya, Japani
16 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mama na wote wa hapo nyumbani Makambako. Mimi sijambo, na kazi zinaendelea vizuri.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza, kwa kuwa Wajapani nao wana reli yenye upana wa milimita 1,067 sawasawa na ile ya TAZARA, reli yetu ya Tanzania na Zambia, wanawezaje kukimbiza treni ya abiria milimani bila kuzinyoosha kona. Swali hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu limeulizwa na mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kuipima na kuitunza njia kati ya Mlimba na Makambako, na sikutaka kulijibu juu juu. Nimepanda tena treni ya Shinano, ambayo mabehewa yake huinama kwenye kona, inayotoka hapa Nagoya hadi Nagano, safari ya kilomita 250 hivi kwa muda wa karibu saa tatu, nimesoma niliyoweza kuyapata, na sasa naona naweza kukueleza.

Njia yenyewe ni ya zamani. Reli ya Chuo ilikamilika kuunganishwa mwaka 1911, na ukishapita Nakatsugawa inashika bonde la mto Kiso na kujipinda kila mto unapojipinda, kwa maana milima imebana pande zote mbili. Kwenye reli hiyo hiyo hupita treni za mizigo zenye matangi ya mafuta, zikipanda taratibu kuelekea Matsumoto, na hapo ndipo linapoanza tatizo unalolijua kuliko mimi: kwenye kona reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani ili kupunguza msukumo wa kutupwa nje, lakini ikiinuliwa sana ili kumfaa abiria wa treni ya kasi, treni nzito inayotambaa au kusimama kwenye kona italalia reli ya ndani na kuila. Kwa sababu hiyo mwinuko wa reli ya nje huku hauzidi milimita 105, na mwendo kasi wowote wa ziada lazima utafutiwe dawa ndani ya behewa lenyewe.

Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha mita 400. Treni ya kawaida ikiipita kwa kilomita 90 kwa saa, hata baada ya mwinuko wa njia kusaidia, abiria bado anasukumwa upande wa nje kwa nguvu inayokaribia asilimia 6 ya uzito wake, na hilo linavumilika. Mwendo ukiongezwa hadi kilomita 105, nguvu hiyo inafika asilimia 12 hivi, na aliyesimama anapepesuka. Lakini behewa likiinamishwa nyuzi 5 kuelekea ndani ya kona, abiria yule yule anabaki akihisi asilimia 3 au 4 tu, yaani pungufu ya alivyohisi kwenye treni ya polepole. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nilikuwa nimeweka kikombe cha chai kwenye meza ya kiti, na tulipokuwa katikati ya kona chai ilibaki karibu sambamba na ukingo wa kikombe, ilhali dirishani mto, mapaa ya nyumba na nguzo za umeme vyote vilikuwa vimelala upande.

Treni za kwanza za namna hii katika njia hii, aina ya 381, zilianza kazi Julai 1973. Behewa lilikaa juu ya roli, yaani vigurudumu vya kuviringika, zilizofungwa kwenye fremu ya magurudumu, na lilitengenezwa kwa namna ambayo uzito wake mwingi uko chini, hata mitambo ya kupooza hewa ikawekwa chini ya sakafu badala ya paani. Kona ilipofika, sehemu ya chini ya behewa ilitupwa nje na ya juu ikaingia ndani, bila injini wala mtu kuisukuma. Ubunifu huo nauheshimu sana, ila ulikuwa na kasoro moja kubwa: roli zilikuwa na msuguano, kwa hiyo behewa lilichelewa kuinama, kisha likainama ghafla, na mwisho wa kona likachelewa tena kurudi. Abiria wengi walichafukwa na roho na kutapika.

Dawa ilipatikana mwaka 1989 kwenye kisiwa cha Shikoku, kwa treni ya dizeli ya aina ya 2000. Kompyuta yake inabeba kumbukumbu ya kona zote za njia, inajua treni imefika wapi, na inaanza kulisukuma behewa kwa silinda za hewa kabla kona haijaanza, ili liiname polepole pamoja na njia. Treni ninayopanda mimi, aina ya 383, iliyofuata katikati ya miaka ya 1990, inatumia utaratibu huo, na zaidi ya hayo magurudumu yake yanaweza kujigeuza kidogo kufuata kona badala ya kukwaruzana na reli. Wahandisi wamejifunza pia kutoiondoa nguvu ya kona yote, kwa kuwa macho yakiona kona ambayo mwili hauihisi kabisa, kichefuchefu kinarudi.

Sasa naomba uniruhusu nilisisitize jambo moja, kwa sababu watu wengi wanaozisifu treni hizi hawalisemi. Bodaboda anapolala kwenye kona, tairi nazo zimelala pamoja naye. Treni haiko hivyo. Kinachoinama ni sanduku la abiria tu, na magurudumu yanabaki yalivyo. Katika mfano wangu abiria anahisi asilimia 3 au 4, lakini reli ya nje inasukumwa kwa ile asilimia 12 kamili, mara mbili ya treni ya kawaida. Kwa hiyo kuinama hakuizuii treni kuacha njia, na wala hakuzipunguzii kazi kokoto na mataruma yaliyolazwa chini ya reli, bali kunawaongezea kazi mafundi wa njia. Mfano mchungu ni wa Queensland, Australia, ambako reli pia ni ya milimita 1,067. Treni yao ya umeme inayoinama ilifika kilomita 210 kwa saa katika jaribio la mwaka 1999, jambo la fahari kwa reli ya upana huo. Lakini Novemba 2004, karibu na Berajondo, treni yao ya dizeli ya aina hiyo iliingia kwa kilomita 112 kwenye kona iliyoruhusiwa kilomita 60, ikaacha njia na kujeruhi watu zaidi ya 100. Ni kwa rehema za Mungu kwamba hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kipande cha Mlimba hadi Makambako ni kwamba upana wa reli si kizuizi hata kidogo. Kinachohitajika kwanza ni njia isiyo na mabonde wala mapindo yasiyotakiwa na iliyoshindiliwa sawasawa, kipande cha kuingilia kila kona kiwe kirefu cha kutosha ili behewa lipate muda wa kuinama, na vikosi vya mafundi vyenye watu na vifaa vya kuipima njia mara kwa mara, kwani kosa dogo ambalo treni ya kilomita 50 kwa saa inalisamehe, treni hii hailisamehi. Mimi ningetumia fedha kwenye mataruma na mafundi kabla ya kuagiza hata behewa moja la kuinama, na naamini utakubaliana nami.

Nina ombi. Ukipata nafasi, tafadhali niandikie kona kali kuliko zote katika kipande chenu ina nusu kipenyo cha mita ngapi, na reli ya nje mliiinua kwa milimita ngapi kabla ya daraja la mto Mpanga, nizipigie hesabu kama nilizokuandikia hapa. Mpe mama salamu zangu nyingi, na wadogo zangu wote.

Mwanao akupendaye.