Kikao cha walezi Jumamosi, njooni na madaftari

Habari za jioni ndugu zangu. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, Kirumba, pale pale pa siku zote.

Wengi mmeniuliza kuhusu hasira za wapendwa wetu walioumia ubongo. Mtu aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, kwa bodaboda au kwa kuanguka, breki zake za kuzuia hasira zimelegea. Anatukana, muda si mrefu anaomba chai. Si jeuri, wala hajalogwa (mashangazi mnisamehe). Kila akilipuka, andika: nini kilitangulia, alifanya nini, na ninyi mlifanya nini baada ya hapo. Mama mmoja humu, kaniruhusu kusema, aligundua kijana wake hulipuka wakitoka soko la samaki la Mwaloni mchana: kelele, jua, uchovu. Sasa wanaenda alfajiri, wananunua dagaa, wanarudi.

Akitulia, msifu hapo hapo, na utaje alichofanya vizuri. Akichemka, punguza maneno, zima redio, watoto watoke nje. Kubishana naye ni kumwongezea.

Kichwa kikimuuma sana ghafla, akitapika au akipata degedege, msisubiri ushauri humu. Hospitali moja kwa moja.

Nauli kila mtu yake, chai ipo. Wapendwa wenu karibuni nao, ila asilazimishwe mtu.