Barua kwa Atupele kabla hajaenda Tunduma

Mwanangu Atupele,

Salamu zako zimenifikia, marahaba. Kaka yako amenieleza kwamba Jumamosi unakwenda Tunduma kununua vitenge vya sare ya kwaya, na kwamba umeshavichagua kwa picha za simu. Hapo kwenye picha ndipo roho yangu ilipokwama. Hela yenyewe ni ya kikoba, na picha haisemi kama kitambaa ni pamba au polista.

Ukifika dukani usianze na maua. Omba uzi mmoja wa ukingoni, utoke nao nje, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na majivu yake ni laini, ukiyasugua yanapotea. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu. Kisha geuza kitambaa. Wax halisi, yaani kitenge kinachotiwa rangi kwa kutumia nta, imekolea rangi pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja kimepauka nyuma. Hicho nacho kina kazi yake, ila usikilipie bei ya wax, wala usikishonee mikono mipana inayoonyesha ndani. Usiamini maandishi ya pembeni, kila kiwanda kinaweza kuyachapa. Mwisho kisugue kati ya viganja. Unga mweupe ukidondoka, ule ugumu uliokupendeza ni wanga tu, na kufua kwa mara ya kwanza kutauondoa.

Halafu uloweke kabla ya kukata. Najua wateja wanakuharakisha, na najua kwa mvua za kwetu kitu hakikauki upesi, lakini uloweke. Pamba hurudi, mara nyingi inchi moja au zaidi kwa kila yadi, na hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Ukikata kabla hujakiloweka, gauni litafupika likishafuliwa, na bitana ya polista, ambayo hairudi, itachungulia chini ya pindo. Mwenye gauni hatalaumu kitambaa, atakulaumu wewe. Kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, upande wa nyuma, ukifuata uzi. Kabla hujalipa, lowesha kitambaa cheupe ukisugue juu ya rangi iliyokolea. Kikichafuka sana, acha hicho kitenge. Chumvi haitakiponya.

Vya sare vinunue vyote siku moja, kutoka robota moja, na uvilinganishe kwenye mwanga wa jua. Ukirudi wiki ijayo utakuta maua yaleyale lakini wekundu wake umebadilika kidogo, na kwaya ikisimama mstari mmoja itaonekana. Gauni la mtu mzima hesabu yadi 3 hadi 4, na kama maua ni makubwa ongeza nusu yadi mpaka yadi nzima ili yaoane mshononi. Angalia pia kama michoro inaelekea upande mmoja. Ndege wakisimama wima mbele, mgongoni nao wasimame, kwa hiyo huwezi kugeuza vipande ili ubane kitambaa. Hapo ndipo unapopenda kubana.

Zile picha zako za vitambaa vya kente, bogolan na adire nimezipenda, nisikufiche. Jicho lako la rangi linawazidi mafundi wengi wa Mwanjelwa. Ila usiige maua peke yake, tazama kitambaa kilivyotengenezwa ndipo uchague mshono. Kente ya Ghana hufumwa vipande vyembamba, kama inchi 4, halafu huunganishwa, ndiyo maana mistari yake imenyooka. Hata ukipata kitenge kilichochapwa mfano wa kente, kikate kwa mistari iliyonyooka, mikato ya kupinda itavunja mchoro. Bogolan ya Mali, inayotiwa rangi kwa majani na matope, ni nzito: inafaa koti au kizibao, marinda hapana. Adire ya Wayoruba huzuiwa rangi kwa kufungwa kamba au kwa uji wa muhogo, na nili yake, ile buluu iliyokolea, hutoa rangi, kwa hiyo ifue peke yake. Shweshwe ya Afrika Kusini nyingi ina upana wa sentimita 90 tu. Ukiikata kwa hesabu ya kitenge cha sentimita 115, mikono itakosa kitambaa. Nayo hulainika sana ikifuliwa. Iloweke!

Na mbona kwenye picha zako zote hakuna khanga? Pindo lake peke yake linakupa mapambo ya sketi bila kununua lesi. Angalia tu maandishi yasikae kichwa chini. Sindano namba 11 inatosha, kitenge ndicho kinachotaka 14.

Hayo maneno ya mwaka jana kuhusu cherehani na masomo tuyaache. Kazi unaiweza.

Bibi anaendelea vizuri, mguu umepungua kuvimba. Kaka yako atakuletea mikungu miwili ya ndizi. Mmoja mpe mwenye fremu, kodi ya mwezi huu umechelewa. Bati la jikoni bado linavuja, fundi ameahidi Alhamisi. Tunduma ukikuta zipu nyeusi za inchi 8 ninunulie dazeni moja, za hapa Tukuyu zinaachia meno. Na kabla hujashika mkasi, nitumie kipande kilichokwisha kulowekwa nikishike mwenyewe.

Mama yako