Gharama ya kuwasimamia wauza waranti mbona inahesabiwa nusu?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba serikali za majimbo huku Marekani zinachoma hela za walipa kodi kusimamia hata watu wanaouza waranti za magari. Mimi nabeba abiria hapa Houston, magari yetu mengi ni ya mkono wa pili na yameshatembea sana, kwa hiyo hao wauzaji tunawajua vizuri, wao ndo wanatutafuta sisi.

Kwa ambao hawaijui hii biashara, iko hivi: waranti ya kiwandani ikiisha anakuja mtu anakuuzia mkataba wa matengenezo, unalipa kila mwezi au wanakuchomekea humo humo kwenye mkopo wa gari, injini ikifa au giaboksi ikigoma wao ndo walipe gereji. Ukiutazama ni bima kabisa, ila sheria za majimbo mengi zinasema wazi kwamba sio bima, na hapo ndo mchezo ulipo, maana kampuni ya bima ya kawaida ikifilisika kuna mfuko wa dhamana wa jimbo unaolipa madai ya wateja, lakini muuza mkataba akifilisika mfuko wa hivyo hakuna, unabaki na karatasi mkononi na gari juu ya mawe.

Sasa hiyo gharama. Muswada wa kuwasimamia hawa watu ukifika kwenye bunge la jimbo unakuja na makadirio yake, wanaandika mishahara ya maofisa, kompyuta, ukaguzi, halafu upande wa pili wanaandika ada. Hapa Texas kazi hiyo iko kwa idara ya leseni, TDLR, kwingine iko kwa kamishna wa bima, na ada wanazolipa wauzaji wenyewe ndo zinatakiwa zifidie gharama ya kuwasimamia. Kwa hiyo mlipa kodi wa kawaida haguswi sana, anayeguswa ni mnunuzi, kwa sababu ada yoyote ile muuzaji anaipachika kwenye bei. Na ada ndo kitu kidogo kuliko vyote! Ile sheria ya mfano waliyoitunga makamishna wa bima kupitia umoja wao wa NAIC, ambayo majimbo mengi yameifuata kwa namna yake, inamwambia mtoa mkataba anunue bima ya kumkinga, au atenge akiba isiyopungua asilimia 40 ya mauzo baada ya kupunguza madai aliyokwisha lipa na juu yake aweke amana, au awe kampuni yenye thamani ya dola milioni 100. Mdogo hapo anaumia, sibishi, na hiyo gharama nayo tunailipa sisi wanunuzi.

Ila mwenzangu kahesabu nusu. Makadirio yale hayana mstari wa hasara ya kutosimamia, au ya kusimamia nusunusu ambayo mimi naona ndo mbaya zaidi.

Chukua 2003. Kulikuwa na kampuni inaitwa National Warranty, ofisi zake Lincoln, Nebraska, lakini imesajiliwa visiwa vya Cayman, kazi yake kuwakinga wauza mikataba ya magari nchi nzima. Yaani ndo ile bima sheria inayoitaka. Wauzaji walikuwa na karatasi zao safi, yadi za magari zilikuwa na karatasi safi, mteja naye kaambiwa usijali kuna kampuni nyuma. Ikaanguka, na kwa kuwa ilikuwa aina ya bima isiyoingia kwenye mifuko ya dhamana ya majimbo, wenye mikataba wakabaki wanatazamana na wenye yadi, wengine yadi zikatoboka mfuko kulinda jina, wengine wakajilipia wenyewe. Hiyo hasara ukiniuliza ni gharama ya umma, basi tu haipiti hazina.

Halafu US Fidelis ya Missouri. Hawa walikuwa wauzaji tu, simu na matangazo ya tivii, mkataba wenyewe wa kampuni nyingine na mteja anakopeshwa na kampuni ya tatu, Mepco, iliyokuwa ya benki moja ya Michigan. Machi 2010 wakaomba kufilisika, wateja wanadai marejesho, Mepco nayo inadai chake. Na benki hiyo Desemba 2008 ilishachukua dola milioni 72 kwenye ule mfuko wa serikali wa kuokoa mabenki, sisemi kwamba waranti ndo zilizoipeleka huko, nasema mlipa kodi alikuwa na hela yake humo ndani wakati wajanja wanakula. Missouri ikaja kuwataka wauzaji wa aina hii wawe na leseni 2011, farasi ameshatoroka zamani.

Bado sijagusa simu za mashine, zile zinazojipiga zenyewe na sauti iliyorekodiwa! FCC, tume ya serikali kuu ya mawasiliano, walisema kundi moja tu lilipiga simu zaidi ya bilioni 5 ndani ya miezi mitatu ya 2021, karibu zote za waranti ya gari, 2023 wakawapiga faini ya karibu dola milioni 300. 2024 CarShield, wauza mikataba hii wale wa matangazo ya mastaa, wakakubali kulipa dola milioni 10 baada ya FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, kusema matangazo yao yanadanganya watu. Mawakili na wachunguzi wa hizo kesi wanalipwa na nani kama sio serikali kuu?

Ningekuwa mimi ningepandisha hizo ada, niajiri watu wa kukagua kama hiyo kampuni ya nyuma ina hela kweli, badala ya kupokea fomu na kugonga mhuri. Bei ya mkataba ipande kidogo, sawa tu.

Nyie mlio na ndugu huku waambieni wasiangalie jina la aliyepiga simu, waangalie jina la anayewajibika kulipa, lazima liwe kwenye mkataba, kisha walitafute kwenye tovuti ya idara ya jimbo lao. Na kwenye majimbo yaliyofuata ile sheria ya mfano mkataba uliotumwa kwa posta unaweza kuurudisha ndani ya siku 20, uliopewa hapo hapo siku 10, ukarudishiwa hela yote kama hujadai kitu, na wakikuzungusha zaidi ya siku 45 wanaongeza asilimia 10 kila mwezi. Hilo muuzaji hakwambii, liko kwenye yale maandishi madogo.

Dereva, Houston, Texas