Kompyuta ya ofisini ilale ofisini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofanya kazi za mezani tumelizoea kiasi cha kutoliona tena, nalo ni tabia ya kufungua kompyuta bila kuwa na shughuli ya kuifungulia. Simu zimekwisha kusemwa vya kutosha, magazetini, makanisani na misikitini, lakini kompyuta imesalimika kwa sababu ina sura ya kazi. Baba akiinamia simu saa 4 usiku ataambiwa anachezea simu. Akiinamia kompyuta mpakato, watoto ndio watakaoambiwa wanyamaze kwa kuwa baba anafanya kazi.

Mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam, na katika ofisi nilizopitia nimeiona tabia hii kwa karibu. Mtu amefungua jedwali la mishahara, jumla mbili zinakataa kulingana, na kabla hajaanza kuitafuta tofauti mkono umeshahamia kwenye kivinjari, ambako ukurasa wa habari za usajili wa Simba na Yanga unamsubiri, ukurasa uleule aliousoma muda mfupi uliopita na ambao haujaongezewa hata mstari mmoja. Kutoka hapo anachungulia barua pepe, anapita kwenye WhatsApp aliyoiunganisha na kompyuta, anajibu salamu za kikundi cha harusi, kisha anarudi kwenye jedwali na kulazimika kuanza kuhesabu upya. Hakuwa na hamu ya mpira wala ya harusi. Kilichomsukuma ni ugumu wa ile hesabu, na mlango wa kuukimbia ulikuwa wazi palepale kwenye skrini. Kazi isiyomalizika hufungashwa kwenye begi jioni ikaendelee nyumbani, ambako mambo huwa yaleyale, isipokuwa sasa yanafanyika kitandani.

Enzi za kompyuta kubwa za mezani, mtu akitoka ofisini alikuwa ametoka kweli. Mashine ilibaki mahali pake, na aliyetaka kuigusa usiku alipaswa kumwamsha mlinzi. Mpakato umeufuta mpaka huo, na sidhani kama yupo aliyekaa akauamua ufutwe.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtu ajizuie, awe na nidhamu. Sioni kama unafaa sana, kwa sababu tabia haisubiri mtu aamue. Inatangulia, na akili inakuja kugundua baadaye. Ninachokiona kinasaidia ni kuiwekea safari hiyo vikwazo vidogo. Wengi wetu hatuzimi kompyuta, tunafunga tu kifuniko, nayo inasinzia na kurasa zake zote, hivyo ukikiinua asubuhi unarudishwa moja kwa moja kwenye upuuzi wa jana usiku kabla hujakumbuka umekuja kufanya nini. Ikizimwa kabisa, kivinjari kikapangwa kuanza na ukurasa mtupu, maneno ya siri ya mitandao yasihifadhiwe ndani yake, na arifa za barua pepe zikanyamazishwa, njia inaongezeka urefu kwa nusu dakika tu, lakini hiyo nusu dakika humpa mtu nafasi ya kujiuliza alikuwa anataka nini. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuwa anataka chochote.

Jambo la pili ni daftari la kawaida la karatasi, likae kando ya kibodi. Kabla ya kuinua kifuniko, mtu aandike kazi anayoiendea, ikiisha, azime. Mawazo yanayomjia katikati ya kazi, iwe ni bei ya bati, matokeo ya mechi au jina la mwigizaji fulani, ayaandike humo badala ya kuyafuata papo hapo, kisha ayatafute yote kwa pamoja wakati wa chakula cha mchana. Atashangaa ni mangapi yatakuwa yamepoteza maana kufikia saa hiyo.

Macho nayo yana haki yao. Tunapoitazama skrini tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana jioni macho huwa makavu na yanawasha. Madaktari wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa futi 20 hivi, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20.

Sipendekezi marufuku. Nchi yetu imewahi kujaribu njia hiyo: mwaka 1974, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na tulilipa gharama ya kuchelewa kwa miaka mingi. Shida yangu haiko kwenye kifaa. Iko kwenye saa ambazo tumekiachia zitumike bila kuulizwa, na hapo mfanyakazi peke yake hawezi kila kitu, kwa kuwa sehemu ya tabia hii imelelewa na waajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, ukiacha wakubwa wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mtu aliyetoka kazini saa 11 jioni, kisha saa 3 usiku akapokea barua pepe inayosema "naomba hii kabla ya kesho asubuhi", mapumziko yake yamekatwa katikati, hata kama aliyeiandika aliongeza "pole kwa usumbufu". Na mfanyakazi akishazoea kwamba barua kama hiyo inaweza kuja usiku wowote, atakuwa akifungua kompyuta kila usiku kuhakikisha haijaja. Nchini Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kuachana na vifaa vya kazi baada ya saa za kazi. Jirani zetu Kenya nao waliliona, na mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei aliwasilisha muswada wenye shabaha hiyohiyo.

Sisi hatuhitaji kusubiri muswada. Mwajiri anaweza kuanza Jumatatu ijayo kwa kuagiza kwamba kompyuta za ofisi zifungiwe kabatini jioni, na kwamba anayehitaji kwenda na yake nyumbani aandike sababu na tarehe ya kuirudisha. Ningependa zianze idara za fedha na rasilimali watu, kwani tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sijaelewa kwa nini orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote bado inapanda daladala kila jioni ikiwa ndani ya begi la mtu mmoja.

Mhasibu,
Tabata, Dar es Salaam